Kanali wa Urusi aliyempa fukusi wa mahindi jina lake la kisayansi

MzeeWaKihenge

Wakuu, habari za jioni.

Msimu wa kuingiza mahindi ghalani ukifika, jukwaa hili hujaa nyuzi za fukusi: nani kaweka dawa gani, mfuko gani unafaa, gunia la nani limetobolewa. Leo nimemleta mdudu yuleyule kwa mlango wa nyuma. Fungua kitabu chochote cha hifadhi ya nafaka uone fukusi wa mahindi alivyoandikwa: Sitophilus zeamais Motschulsky, 1855. Wengi wetu tunasoma maneno mawili ya mwanzo, la tatu tunaliruka. Hilo la tatu ni jina la mtu. Alikuwa kanali wa jeshi la Tsar wa Urusi, na maisha yake kwenye wadudu yana vituko vinavyotosha uzi mzima.

Victor Ivanovich Motschulsky alizaliwa St Petersburg mwaka 1810, akafariki Simferopol, kule Crimea, mwaka 1871. Kwa ajira alikuwa mwanajeshi. Kwa mapenzi alikuwa mtu wa mbawakawa, yaani lile kundi la wadudu ambao mbawa zao za juu zimegeuka gamba gumu. Fukusi yumo humo, dumuzi yumo, na kimulimuli pia yumo.

Ili mumwelewe, itazameni kwanza Urusi ya wakati ule. Dola ilikuwa inatanuka kila upande: Caucasus kusini, nyika za Asia ya Kati, Siberia hadi bahari ya mashariki, na hata Alaska ilikuwa yao mpaka walipoiuza kwa Marekani mwaka 1867. Afisa au daktari aliyetumwa pembezoni mwa dola alikuwa anaingia nchi ambayo wadudu wake hakuna aliyewahi kuwaandika. Wachache waliiona bahati hiyo. Daktari Gebler alikaa Barnaul, karibu na milima ya Altai, akitibu watu wa migodini na kukusanya mbawakawa. Carl Gustaf Mannerheim, babu wa yule Jemadari Mannerheim wa Finland, alikuwa gavana wa Viipuri huku akiandika mbawakawa wa Alaska kutokana na vielelezo alivyoletewa. Hakuna aliyelipwa mshahara kwa ajili ya wadudu. Mtu anamaliza kazi ya serikali mchana, usiku anawasha taa na kuchomeka vidudu kwenye pini.

Motschulsky ni wa kizazi hicho, ila yeye alikuwa na miguu. Mwaka 1836 alizunguka Ufaransa, Uswisi, kaskazini mwa Italia na milima ya Austria. Baadaye ikaja Caucasus, Astrakhan, Kazan, Siberia. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 alipita Ulaya akafika Misri, na mwaka 1853 akavuka Atlantiki kwenda Marekani na kushuka mpaka Panama. Kote huko anafunua mawe, anabandua magamba ya miti iliyooza, anapekua samadi.

Safari hizo aliziandika kwa mtindo wa barua. Aliyeandikiwa ni Édouard Ménétries, Mfaransa aliyekuwa msimamizi wa wadudu katika makumbusho ya St Petersburg, mtu aliyewahi kwenda Brazil na msafara wa Langsdorff. Motschulsky alizichapisha barua hizo pamoja na orodha za wadudu katika jarida lake mwenyewe, Études entomologiques, lililoanza kutoka Helsinki mwaka 1852. Wakati huo Helsinki ilikuwa ndani ya dola ya Urusi. Jarida la mtu mmoja: yeye mwandishi, yeye mhariri, yeye mwenye neno la mwisho. Kumbukeni hilo, litarudi kumdhuru.

Mwaka 1855, katika Vita vya Crimea, mji wa Sevastopol unapigwa mabomu na Waingereza na Wafaransa mpaka unaanguka. Mwaka huohuo kanali wetu anatoa jina la mdudu mdogo wa milimita tatu mpaka nne, anayekula mahindi.

Nachukua kahawa, narudi.

Binti Namtumbo

Shikamoo mzee. Tiririka tu, tumekaa kitako.

Mpigadebe wa Ubungo

Mkuu, kanali wa jeshi anazunguka Misri, Marekani, Panama, eti anaokota wadudu? Huyo jasusi. Hakuna cha mbawakawa hapo.

MzeeWaKihenge

Marahaba Binti.

Mpigadebe, nilijua utakuja na hilo. Sasa jasusi gani anachapisha safari zake zote kwa Kifaransa, anataja mji aliofika, bustani aliyoingia na makusanyo ya nani aliyoyakagua? Adui angejinunulia nakala tu. Na wadudu wenyewe wapo. Wako kwenye makasha mpaka leo katika Makumbusho ya Zoolojia ya Chuo Kikuu cha Moscow, na watafiti wanakwenda kuwaangalia.

Kijana wa Kibaigwa

Mimi swali langu ni moja. Fukusi alikuwepo tangu enzi na enzi. Bibi zetu walikuwa wanapepeta, wanaanika, wanaweka majivu na mwarobaini. Halafu anakuja Mrusi mmoja ambaye hajawahi hata kupalilia, anaandika mistari miwili, basi mdudu anakuwa wake? Kwa nini tumpe heshima?

MzeeWaKihenge

Swali zuri, na kwa sehemu nipo upande wako. Bibi yako alijua tabia za fukusi kuliko Motschulsky. Lakini taratibu za majina ya wanyama hazimpi mtu tuzo kwa kumjua mdudu. Zinasema hivi tu: wa kwanza kuchapisha jina lenye maelezo, jina lake ndilo litumike na wote, kuanzia Songea mpaka Osaka. Ukimwandika mtu huyo pembeni, msomaji anajua aanzie wapi akitaka kuhakiki.

Hata mabano yana kazi. Ukiona "(Linnaeus, 1763)" kwenye mabano, maana yake mdudu amehamishwa jenasi (yaani ukoo wake, lile neno la kwanza la jina) tangu alipopewa jina. Linnaeus, yule Msweden aliyeasisi mtindo huu wa majina mawili, alimwandika fukusi wa mchele kama Curculio oryzae, leo ni Sitophilus oryzae, kwa hiyo mabano. Motschulsky wetu hana mabano. Yaani mwaka 1855 alimweka fukusi kwenye jenasi ya Sitophilus, na miaka yote hii wataalamu wametangatanga, wakamwita Calandra kwa miongo mingi, wakarudi hukohuko alikomweka yeye. Kwa mtu ambaye wenzake walimwona mzembe, si haba.

Dkt Punje

Hapo kwenye uzembe mzee usimpake mafuta. Mimi kwa taaluma ni wa wadudu, na kila anayefanya kazi na mbawakawa wa Asia anakutana na mizigo ya Motschulsky. Maelezo yake mara nyingi ni mafupi mno. Anasema mdudu ni mweusi kidogo, mrefu kidogo kuliko fulani, basi. Anaanzisha jenasi mpya bila kueleza vizuri inatofautianaje na iliyopo. Mahali pengine anaweka jina kwenye orodha bila maelezo yoyote, na kwa kanuni jina tupu la namna hiyo halina nguvu. Kazi za wenzake alikuwa anazipitia kwa ukali na kwa haraka. Kwa vile alikuwa na jarida lake, hakukuwa na mtu wa kumwambia "kanali, rudi ukaandike upya".

MzeeWaKihenge

Daktari karibu, ulichelewa. Na umesema kweli yote.

Ila ongeza na hili. Majina yake mengi yamesimama. Yapo yaliyotupwa kwa sababu mdudu alishaandikwa na mwingine, lakini ukichambua yaliyobaki, ni mamia. Na alifika mapema sana mahali ambapo wengine walikuwa hawajafika. Mbawakawa wa Siberia aliwaandika katika miaka ya 1840, pamoja na wa Alaska. Leopold von Schrenck aliporudi na shehena ya wadudu kutoka mto Amur, mbawakawa alikabidhiwa Motschulsky, akatoa kazi hiyo mwaka 1860. Kutoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, alikuwa anapokea wadudu wa John Nietner, Mjerumani mwenye shamba la kahawa kule Rambodde, ambaye mwenyewe aliandika kuhusu maadui wa mkahawa. Kutoka Japani alianza kuchapisha orodha wakati nchi ile ndiyo kwanza inafungua milango yake kwa wageni.

Na hapo Japani ndipo kuna jina lake ninalolipenda kuliko yote. Kuna kimulimuli anayejulikana sana kama Luciola cruciata. Motschulsky ndiye aliyempa jina, mwaka 1854. Wajapani wanamwita kimulimuli wa Genji, wanakwenda usiku kandokando ya mito kumtazama, na baadhi ya makazi yake yamewekwa chini ya hifadhi ya taifa. Mabuu yake yanaishi ndani ya maji yanakula konokono. Madume yanawaka kwa pamoja na kuzimika kwa pamoja. Kituko ni kwamba wa magharibi mwa Japani wanawaka kila baada ya sekunde 2 hivi, wa mashariki kila baada ya sekunde 4.

Mwaka mmoja anampa jina mdudu ambaye watu wanafunga safari kwenda kumwona, unaofuata anampa jina huyu tunayemnunulia sumu.

Binti Namtumbo

Hahaa. Mzee, turudi kwa huyu wa sumu. Umesema Linnaeus alikuwa na fukusi wa mchele tangu 1763. Mimi nikifungua gunia la mahindi na gunia la mchele naona mdudu yuleyule. Motschulsky alionaje kuwa ni wawili?

MzeeWaKihenge

Binti, hapo umegusa moyo wa hadithi.

Kwa macho ni vigumu kweli. Wote wawili wana mdomo mrefu uliochongoka mbele, wote wana rangi ya kahawia iliyoiva, wote wana madoa manne mekundu mgongoni. Wa mahindi kwa kawaida ni mkubwa kidogo na madoa yake yamekolea zaidi, lakini ukubwa unategemea punje aliyokulia. Fukusi wa mchele akikulia kwenye punje nono ya mahindi hutoka mkubwa. Kwa hiyo ukubwa unadanganya.

Motschulsky alipotoa jina lake, karibu kila mtu alilipuuza. Walisema ni oryzae huyohuyo wa Linnaeus, kanali kaongeza jina lingine kwenye rundo. Sifa yake ya kuandika ovyo haikumsaidia. Akafa mwaka 1871 jina la fukusi wake likiwa limezikwa kwenye orodha ya majina ya ziada.

Kisha kuanzia miaka ya 1920 watu wakaanza kushtuka. Japani, mtaalamu Takahashi aliona kuna fukusi mdogo na fukusi mkubwa, akampa mdogo jina jipya la sasakii. Mwaka 1944 Richards kule Uingereza na Birch kule Australia, kila mmoja kwa njia yake, walichunguza fukusi wakubwa na wadogo wakaona wanatofautiana kabisa, lakini bado wakawaita aina mbili za oryzae mmoja. Mwaka 1959 Floyd na Newsom, Wamarekani, wakasema wazi: hizi ni spishi mbili. Lakini wao jina la oryzae wakalipeleka kwa mkubwa, mdogo wakamwachia lile la Kijapani.

Mnaona mkorogo? Mtu akisoma ripoti ya mwaka 1930 inayosema "oryzae kala mahindi", hajui ni yupi.

Aliyekata mzizi ni Guillermo Kuschel, bingwa wa fukusi aliyezaliwa Chile na baadaye akafanya kazi New Zealand. Mwaka 1961 alipitia majina yote ya zamani ya kundi hili, moja baada ya jingine. Akaamua: oryzae wa Linnaeus ni yule mdogo. Yule mkubwa alikuwa na jina lake halali muda wote, alilopewa na yule kanali mwaka 1855. Takahashi hakuhitajika kubuni jina, wala Wamarekani hawakuhitajika kuyahamisha. Miaka 106 jina lilikuwa limekaa linasubiri, na tangu hapo ndilo tunalotumia.

Dkt Punje

Kuongezea kidogo kwa wanaotaka kujua tunawatofautishaje sasa. Unampasua dume, unatoa uume wake chini ya hadubini. Wa mahindi ana mifereji miwili iliyonyooka kwa urefu juu yake. Wa mchele ni laini, hana mifereji. Kwa jike kuna kiungo kigumu ndani chenye umbo la Y: wa mahindi ncha zake zimechongoka, wa mchele ncha ni butu. Ukitaka uhakika, hakuna njia ya mkato kwa macho matupu.

Ndiyo maana nasema Motschulsky alikuwa na jicho lakini hakuwa na nidhamu. Mifereji hiyo hakuiandika yeye. Alisema tu kuna mwingine, akaenda zake.

Mpigadebe wa Ubungo

Yaani wazee wazima miaka mia wanagombana kumbe jibu liko kwenye uume wa fukusi 😂😂

Wasimamizi msifute uzi, hii ni sayansi.

Kitale Farasi

Salamu kutoka Kitale. Nimesoma nikacheka. Lakini wazee, mimi ni mtu wa magunia. Haya mambo ya jina yanamsaidia vipi mkulima? Fukusi ni fukusi, weka dawa afe.

MzeeWaKihenge

Ndugu yangu wa Kitale, karibu sana.

Wacha nikujibu kwa mahindi yenyewe. Jike la fukusi huyu hutoboa punje kwa mdomo, anataga yai moja ndani ya tundu, kisha anaziba kwa utelezi unaokauka. Ukiangalia punje hiyo huoni kitu. Buu linaishi humo ndani, linakula moyo wa punje, linageuka bundo (hatua ya kati ya buu na mdudu mzima) humohumo, na mdudu mzima anatokea kwa tundu la duara lenye kingo zilizochanika. Kwenye joto la nyuzi 27 na unyevu wa kutosha, yote hayo huchukua kama siku 35. Kwa hiyo ukiona tundu, huyo ameshatoka, na ndani ya punje ambazo zinaonekana nzima wapo ndugu zake.

Pili, fukusi wa mahindi anaruka vizuri. Hasubiri uvune. Anakwenda shambani mahindi yakiwa bado yamesimama, hasa yale ambayo gubi halikufunika ncha. Unavuna naye, unamwingiza ghalani mwenyewe. Kwa hiyo anayechelewesha mavuno ili mahindi yakaukie shambani anampa muda. Vuna mapema, kausha vizuri, chambua yaliyotobolewa, ndipo uhifadhi. Ushauri huu unatokana na kumjua huyu na tabia zake, si kundi zima.

Tatu, na hapa ndipo watu wanapoumia: dumuzi. Huyo ni mbawakawa wa familia nyingine kabisa.

Mwana Tabora

Dumuzi tunamjua sisi. Kwa mara ya kwanza Afrika aligunduliwa kwetu Tabora. Wazee wakamwita Skania, kwa jinsi anavyobomoa mzigo.

MzeeWaKihenge

Asante Mwana Tabora. Ndiyo, Prostephanus truncatus. Aliyempa jina ni George Horn, daktari wa Philadelphia, mwaka 1878. Mdudu mwenyewe ni wa Mexico na Amerika ya Kati. Akatambuliwa Tabora kuelekea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na inaaminika aliingia na mahindi yaliyoagizwa kutoka ng'ambo.

Sasa tazama jambo hili. Dumuzi ametoka kwenye nchi ya asili ya mahindi, lakini jina lake la kisayansi halitaji mahindi. Fukusi wa Motschulsky amebeba mahindi kwenye jina (zeamais inatokana na Zea mays, jina la kisayansi la mahindi), ilhali wataalamu wengi wanaona asili ya jamaa hawa ni Asia, ambako mahindi yalifika baada ya safari za Columbus tu. Yaani alikuwa akila nafaka nyingine huko kwao, mahindi yakamkuta, akaona hapa pananoga. Kufika 1855 alikuwa amezoea mahindi kiasi kwamba kanali alimpa jina la chakula chake.

Kitale Farasi

Sawa, lakini dawa je? Mimi msimu uliopita niliuziwa unga fulani wa dawa kwenye duka moja la pembejeo, nikaambiwa unamaliza kila kitu. Baada ya miezi michache nikafungua, magunia ya juu mazima, ya chini yamekuwa unga mtupu.

Dkt Punje

Pole ndugu. Ukikuta unga mwingi hivyo, mshuku dumuzi kwanza. Fukusi anatoboa punje na kuacha maganda, unga wake ni kidogo. Dumuzi anachimba njia kila upande na kuacha vumbi jingi. Anapenda zaidi mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, na makopa ya muhogo anayamaliza vilevile.

Sumu za jamii ya pirimifosi zinamweza fukusi lakini dumuzi anazivumilia. Zile za jamii ya permethrini zinamweza dumuzi lakini kwa fukusi hazitoshi. Ndiyo maana dawa kama Actellic Super zimechanganya zote mbili. Ukiuziwa yenye kitu kimoja tu na ghala lina wadudu wote wawili, umeua nusu ya tatizo. Hapo ndipo kutambua mdudu kunageuka pesa. Soma kibandiko, angalia viambato viwili na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Njia nyingine ni mifuko isiyopitisha hewa, kama ya PICS, au vihenge vya chuma vilivyofungwa sawasawa. Wadudu wenyewe wanamaliza oksijeni iliyomo, wanaacha kula, wanakufa. Ila mahindi lazima yawe makavu, la sivyo utapata uvundo.

Kijana wa Kibaigwa

Kibaigwa tunaangalia kwa kuchukua kiganja cha mahindi na kumwaga kwenye maji. Punje zinazoelea ujue zimeliwa ndani. Hatujui Motschulsky wala nani.

MzeeWaKihenge

Na njia yenu ni nzuri. Hata maabara wanatumia kuelea kwa punje kama dalili ya buu ndani.

Turudi kwa kanali nimalizie, maana naona uzi unataka kuhamia duka la pembejeo.

Kuna jambo Dkt Punje hakulisema. Motschulsky aliandika vibaya, lakini alihifadhi. Alichomeka wadudu wake, akaweka vibandiko, na makusanyo yakabaki Moscow. Hayakutunzwa vizuri siku zote, baadhi yameharibika, lakini mengi yapo. Kwa hiyo mtafiti wa leo akisoma maelezo ya mistari miwili asielewe, hahitaji kumlaumu marehemu. Anakwenda Moscow, anafungua kasha, anamwangalia mdudu yuleyule aliyeshikwa na Motschulsky, anaamua. Majina yake mengi ya Siberia, Japani na Ceylon yameokolewa hivyo. Linganisha na mtu aliyeandika kurasa kumi nzuri lakini mdudu mwenyewe amepotea. Mimi kati ya hao wawili namchukua Motschulsky.

Dkt Punje

Mimi nachukua wa tatu: aliyeandika vizuri na akahifadhi. Walikuwepo, hata Urusi hiyohiyo. Mannerheim uliyemtaja mwenyewe alikuwa makini zaidi. Tusimsamehe kanali kwa sababu tu bahati ilimwangukia.

MzeeWaKihenge

Mannerheim alifariki mwaka 1854, daktari, na wengi wa waliobaki walikaa mezani wakasubiri kuletewa. Motschulsky alikwenda mwenyewe. Alipokuwa anazunguka hakukuwa na reli ya Siberia. Ni farasi, mikokoteni na matope. Haraka yake naiona ni ya mtu ambaye amebeba masanduku mengi kuliko umri wake. Alifariki na miaka 61, na makabati bado yana wadudu wasio na majina.

Dkt Punje

Haraka ilikuwa pia ya kuwahi jina kabla ya mwingine, mzee. Tuseme ukweli. Aliyechapisha kwanza ndiye anayekaa kwenye vitabu, na kanali alilijua hilo vizuri kuliko wote.

MzeeWaKihenge

Hilo sikubishii hata kidogo.

Mpigadebe wa Ubungo

Mzee kakubali kushindwa, nimepiga picha.

Binti Namtumbo

Mimi nimefaidika. Mzee, swali la mwisho kabla sijaenda kulala. Na fukusi wa maharage, yule mviringo anayetoboa matundu kama ya sindano? Naye ni wa Mrusi?

MzeeWaKihenge

Hapana mwanangu, huyo si jamaa ya hawa. Hana hata mdomo mrefu. Anayesumbua maharage zaidi kwenye nyanda za juu zenye baridi ni Acanthoscelides obtectus, alipewa jina na Thomas Say, Mmarekani, mwaka 1831. Kwenye joto utamkuta zaidi Zabrotes subfasciatus, huyo ni wa Boheman, Msweden, 1833. Na yule wa kunde, Callosobruchus maculatus, ni wa Fabricius wa Denmark, 1775. Wote watatu wana mabano. Motschulsky hahusiki.

Weka maharage kwenye mfuko usiopitisha hewa, ufunge sawasawa, usifungue fungue.

Binti Namtumbo

Asante mzee. Usiku mwema.